Pikapu ya Kiti Kimoja

Gari yangu niliiuza mimi mwenyewe. Watu husema ni bwana yangu aliyeuza, na kweli kitabu cha gari kilikuwa na jina lake na ni yeye aliyepokea bahasha. Lakini mnunuzi alikuwa amekataa. Alikuwa ameshavaa kofia yake aende. Mimi ndiye niliyembadilisha nia, nikiwa na akili zangu timamu, na hakuna mtu aliyenisukuma.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na watoto wawili, msichana wa miaka minne na kijana ambaye bado alikuwa ananyonya. Tuliishi ndani kidogo kutoka Sotik, kwenye barabara ya murram, ya udongo mwekundu, inayoenda Ndanai, kwa shamba la baba mkwe wangu. Tulikuwa na chai, mahindi na ng'ombe wa maziwa sita. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hivyo mzee alikula kwangu na kila tulipoenda, alienda.

Gari yenyewe ilikuwa stesheni wagon ya bluu, ya mitumba, yenye turbo. Kwa macho ungedhani ni gari ya mwalimu mkuu. Ilikuwa ndefu nyuma, ina reli za mizigo juu, na mlango mmoja haukufanana rangi na mingine. Kitu pekee kilichoisaliti ni lile tundu kwenye boneti, kama pua iliyopanuka. Ndugu yangu alikuwa fundi katika gereji iliyohudumia magari ya mashindano ya Pasaka, na hiyo wagon ndiyo iliyokuwa ikikimbia nyuma ya magari ya mbio ikiwa imebeba tairi na spana. Kazi yake ilikuwa kufika pale gari lingine limeharibika, na kufika haraka. Mwenye gereji alipochoka nayo, ndugu yangu aliinunua, akaishona upya nati kwa nati nyuma ya nyumba ya wazazi wetu Kipkelion.

Alinifundisha kuendesha nikiwa kidato cha tatu, wakati wa likizo. Hakunifundisha kama watu wanavyofundisha wasichana, kwa kushikilia usukani na kupiga kelele. Alikaa upande wa pili akila mahindi ya kuchoma.

"Inalala," aliniambia. "Ukiiamsha vibaya itakurukia. Ukiiamsha vizuri itakubeba."

Alimaanisha turbo. Ukikanyaga mafuta, kwanza hakuna kitu, unafikiri gari imekufa. Halafu nyuma ya mgongo wako mkono mkubwa unakusukuma. Lazima ujue ni sekunde gani mkono huo utakuja, na uwe tayari umeshanyoosha usukani. Na ukimaliza kukimbia, usizime injini mara moja. Iache ingurume dakika mbili, ipumue, la sivyo unaichoma moyo. Hayo yote nilijua kabla sijajua kupika ugali wa watu kumi.

Nilipoolewa, alikuja kunitembelea mara nyingi, na nilimsikia akiwa bado kwa kona ya mbali. Halafu siku moja alikuja na sikumsikia. Aliingia kwa lango polepole kama mtu aliyebeba mayai. Nikajua ni mgonjwa kabla hajafungua mlango.

Alikuwa amekonda. Tulikunywa chai, akaniwekea funguo mezani kando ya kikombe.

"Mguu hausukumi klachi tena," alisema. "Chukua."

"Kaka zetu watasema nini?"

"Waseme wakishajua kuiendesha."

Alifariki kabla mvua ya masika haijaisha. Kaka zangu walisema kweli, tena walisema sana, lakini alikuwa ameandika barua na baba yetu alikuwa amesikia kwa masikio yake. Gari ikabaki yangu. Tukaenda kubadilisha kitabu, mimi na bwana yangu. Kitambulisho changu bado kilikuwa na jina la baba yangu, na karani akaanza kuuliza cheti cha ndoa. Bwana yangu akasema, "Andika tu jina langu. Hakuna tofauti. Si sisi ni kitu kimoja?"

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa nimetoka kuzika. Nikasema sawa, hakuna tofauti. Mwanamke yeyote anayesoma hapa na yuko karibu kusema hakuna tofauti, aume ulimi wake kwanza.

Miaka miwili niliendesha hiyo gari. Nilipeleka maziwa yetu na ya majirani. Nilipeleka akina mama kliniki. Siku za soko la ng'ombe nilimpeleka mzee Siongiroi, naye ndiye aliyekuwa abiria wangu mwaminifu kuliko wote. Alikaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kofia juu ya goti. Hapa lazima nieleze kitu. Kwetu, wakati ule na kwa wazee kama yeye, mke wa mtoto hakai kiti kimoja na baba mkwe, hata mtu mwingine akiwa katikati yao. Hamgusani. Hata kikombe unakiweka mezani, yeye anakichukua mezani. Si chuki, ni heshima, na ukiikosea, aibu ni ya nyumba nzima. Katika ile wagon heshima ilikuwa na nafasi yake. Mimi nilikuwa mbele, yeye nyuma, na kati yetu mgongo mzima wa kiti. Hata kuzungumza alizungumza kupitia msichana wangu.

"Mwambie mama yako hiyo lori mbele yetu imelala."

"Mama, kogo anasema lori imelala."

"Si kogo, kogo ni nyanya yako," mzee alimrekebisha. "Mwambie tena."

Nami nilibadilisha gia, nikasubiri ule mkono, tukaipita lori. Kwa kioo nilimwona mzee akishika kofia na mikono miwili, mdomo umekunjwa usicheke. Mtu wa miaka sabini.

Kule nje nilikuwa mke wa fulani na mama ya fulani. Ndani ya gari nilikuwa dereva. Watu walisimama kando ya barabara wakaniambia mimi wanapokwenda, si bwana yangu. Hicho kiti cha dereva ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho sikupewa na ndoa, na nilijua hivyo, na niliogopa kukipoteza hata kabla mtu hajataja kuuza.

Alitaja bwana yangu, asubuhi moja baada ya kukamua. Wakulima wa upande wetu walikuwa wamemchagua awe anakusanya maziwa ya kikundi kupeleka kwenye mtambo wa kupoza. Mikebe ishirini. Wagon ilikuwa inabeba minane, na mmoja ulikuwa umemwagika nyuma wiki ile, harufu ikakataa kutoka.

"Inakunywa petroli kama ng'ombe wa kiu," alisema. "Kipuri kimoja kikivunjika, ni Nairobi. Tumbo lake linagonga mawe. Tununue pikapu."

Nilimtazama nikitafuta uongo niukamate. Hakukuwa na uongo. Hiyo ndiyo hasira yangu mpaka leo, kwamba kila alichosema kilikuwa kweli. Mwanamume mkorofi unaweza kumpigania. Huyu alikuwa na hesabu, na alikuwa na kitabu.

"Ni ya ndugu yangu," nilisema.

"Ndugu yako ameenda, mama watoto. Maziwa yako hapa."

Nilienda kuosha ndoo ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Mnunuzi alikuja Jumamosi. Alikuwa mfanyabiashara kutoka mjini Kericho, mtu wa Mkoa wa Kati aliyekuja zamani akafungua duka la vipuri, mnene, mcheshi, kofia ya ngozi mkononi. Alizunguka gari mara mbili, akapiga teke tairi, akaingia kukaa kando ya bwana yangu wakaijaribu.

Bwana yangu hakuwahi kuijua ile gari. Aliiendesha kama trekta. Nilisimama langoni, kijana mgongoni, nikasikiliza wakipanda kilima, na kila sauti ilinichoma. Alikanyaga mapema, akaachilia, akakanyaga tena, gari ikakohoa, ikaruka, ikazima. Akaiwasha. Ikazima tena. Walirudi kwa gia ya kwanza. Yule mfanyabiashara alishuka akitikisa kichwa.

"Hii imekwisha, rafiki yangu," alisema. "Turbo imekufa. Mimi nitafanya nini na jeneza?"

Akavaa kofia. Bwana yangu alisimama pale, mikono imeshuka. Mzee alikuwa kwenye kiti chake chini ya ukuta wa ghala, akitazama chini. Na mimi nilikuwa nimeshinda. Ningenyamaza tu. Kunyamaza ni kazi nyepesi kuliko zote, na nilikuwa nimeifanya siku nyingi kwa mambo madogo. Yule mtu angeenda, angewaambia wenzake mjini gari ni mbovu, na hakuna ambaye angekuja tena.

Lakini alikuwa amesema jeneza. Nilikumbuka ndugu yangu amelala chini ya hiyo injini wiki tatu, na taa ya kandili, akiikusanya.

"Turbo haijafa," nilisema. "Ni dereva."

Kumwambia bwana yako hivyo mbele ya baba yake na mgeni ni kitu kizito, hata mbwa alinyanyua kichwa.

"Ngai!" mfanyabiashara akacheka. "Mama, wewe ndiyo fundi?"

"Ingia."

Nilimpa msichana amshike mtoto kwa mkeka. Mfanyabiashara aliingia, akitabasamu bado, akamkonyeza bwana yangu kupitia dirisha. Niliichukua hadi lami, halafu nikaelekea upande wa Litein, pale barabara inapojikunja katikati ya chai. Niliiendesha kama sijawahi kuiendesha. Sikukimbia kwa wazimu. Niliipa kila kona haki yake. Nilisubiri usingizi wake uishe, nikanyoosha, mkono ukaja, tukapanda kile kilima kirefu kwa gia ya nne bila injini kulalamika, na majani ya chai yakawa kitu kimoja cha kijani pande zote mbili. Nililia. Mikono ilifanya kazi na macho yakafanya yake. Sidhani alikuwa na nafasi ya kuniangalia, alikuwa ameshikilia mlango.

Tulipogeuka kurudi, aliuliza, sauti imeshuka, "Mama, kwa nini unauza?"

"Mimi siuzi. Inauzwa."

Tuliingia langoni. Nikasimama, nikaacha injini ingurume.

"Zima," bwana yangu alisema, "petroli inaisha."

Sikuzima. Nilihesabu dakika mbili zake, zote. Halafu nikazima, nikachomoa funguo, nikaziweka juu ya boneti yenye joto badala ya kumpa mtu.

"Nachukua," mfanyabiashara alisema. "Leo."

Nilienda jikoni. Nilisikia ikiondoka. Aliiendesha vizuri, na hilo liliniuma zaidi. Kama angeikwaruza gia ningepata mtu wa kuchukia.

Bwana yangu aliingia baadaye akasimama mlangoni. "Asante," alisema. "Bila wewe hangechukua."

Nilitaka kumtupia sufuria. Alikuwa anashukuru kweli.

Juma lililofuata tulienda Kericho kuchagua pikapu, yeye, mimi na mtoto, na mzee aliyevaa koti lake la kanisani kwa sababu kununua gari ni kama kwenda kutafuta mke. Kwenye uwanja wa magari kulikuwa na pikapu nyeupe, safi, chesisi nzima. Muuzaji alifungua mlango kwa mbwembwe.

"Angalia, mama! Kiti kimoja kirefu. Baba, mama, mzee, wote mbele, mmebanana kama familia!"

Niliona. Kiti kimoja, kutoka mlango hadi mlango. Kama nitaendesha, mzee yuko kiti kimoja nami, hata bwana yangu akikaa katikati. Kama bwana yangu ataendesha, mmoja wetu yuko katikati na mwingine anambana. Hakukuwa na namna ya kukikaa kile kiti watu watatu sisi bila aibu. Na mzee hakosi safari.

Kando ya ukuta kulikuwa na nyingine, ya kabini mbili, viti mbele na viti nyuma, rangi imechakaa.

"Hii je?" niliuliza.

"Hiyo inabeba mikebe mingapi?" bwana yangu alisema. "Kumi? Kumi na miwili? Tumeuza gari ndogo tununue gari ndogo?"

Muuzaji akacheka. Nami ningesema nini? Mzee alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, mikono nyuma ya mgongo. Kusema "siwezi kukaa na baba yako" mbele ya baba yake ni kufanya lile lile ambalo heshima inakataza. Nilimvuta bwana yangu nyuma ya lori moja.

"Mzee atakaa wapi?"

"Mbele."

"Na mimi?"

"Mbele..." Nilimwona akielewa. Uso wake ulibadilika, akatazama ile pikapu nyeupe, akatazama mikebe ishirini kichwani mwake. "Tutapanga," alisema.

Tuliporudi, mzee alikuwa amesimama kwa mlango wazi wa pikapu. Alikuwa anakitazama kile kiti. Alikigonga na fimbo yake mwanzo, katikati, mwisho, kama mtu anayepima. Alijua. Tulijua sote watatu. Kama mmoja wetu angekuwa mtu wa kabila lingine angesema, "Jamani, tutakaaje?" na tungecheka, tukachukua ile ya kabini mbili. Lakini aliyestahili kusema ni mzee, naye alikuwa na haya kuliko sisi.

"Iko sawa," mzee alisema, na akageuka kuangalia magurudumu.

Watu hukosea gari kwa sababu ya injini au karatasi bandia. Sisi tulinunua gari mbaya kwa heshima.

Wakati wa kurudi, mzee alikwenda nyuma moja kwa moja, akaweka mguu juu ya bampa apande. Bwana yangu alimshika mkono.

"Baba, hapana. Watu wataona nini?"

"Mtoto mchanga hawezi upepo," mzee alisema, akimtazama mwanawe, si mimi.

"Mtoto atakaa mbele na wewe."

Hivyo ndivyo tulivyopanga. Mtoto wangu akakaa mapajani mwa babu yake, bwana yangu akashika usukani, na mimi nikapanda nyuma, nikashikilia vyuma. Kutoka Kericho hadi Sotik. Wachumaji chai walinyoosha migongo wakanitazama. Wengine walinijua.

"Dereva!" mama mmoja alinipigia kelele kwa furaha tulipopunguza mwendo. "Wamekuweka kwa mizigo?"

"Mimi ndiyo mzigo wenyewe," nilimjibu, na wakacheka wote. Nilicheka pia. Ukiwa nyuma ya pikapu unaona tu barabara mliyokwisha kuipita.

Baada ya hapo ilikuwa hivyo kila siku. Hakuna aliyesema nisiendeshe. Funguo zilining'inia kwa msumari ambapo ningezifikia. Lakini mzee alikuwa mbele, na usukani uko mbele.

Mvua za Aprili zilikuja vibaya mwaka ule. Asubuhi moja tulikuwa na mikebe yote ishirini, mimi nyuma na akina mama wawili waliokuwa wanaenda soko, tukafika kile kilima kabla ya lami na murram ilikuwa imegeuka uji. Bwana yangu alijaribu mara nne. Aliweka gia ya kwanza, akakanyaga, magurudumu ya nyuma yakachimba, tukateleza kando mpaka mtaroni. Maziwa yalikuwa yanapata joto. Tukichelewa pale mtamboni wanayakataa, na ni maziwa ya nyumba arobaini.

Alizima injini. Aligeuka akanitazama kupitia kile kidirisha cha nyuma. Hakuomba. Alinitazama tu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu wagon iondoke kuona kwamba yeye pia alikuwa na huzuni.

Hakuna aliyeweza kusema, "Mzee, shuka."

Ndipo mlango wa kushoto ukafunguka wenyewe. Mzee alishuka polepole, fimbo kwanza, halafu mguu, matope yakamfika juu ya kifundo. Alimpa mmoja wa wale mama mtoto wangu, ambaye alikuwa amempakata. Akavuta koti juu ya kichwa, akasimama kando ya barabara kwenye mvua, akitazama upande wa shamba la mtu, kana kwamba ameshuka kuangalia mahindi.

Bwana yangu akasogea upande wa kushoto, nikaingia kwenye usukani. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Niliwaambia wale mama wasukume mikebe nyuma kabisa, juu ya magurudumu. Nikaweka gia ya pili, si ya kwanza, nikaachilia klachi kama unavyomwachilia mtoto aliyelala. Nikatikisa usukani kushoto, kulia, kushoto. Ikashika. Haikuwa na turbo wala mkono wa kunisukuma, ilikuwa na kelele tu na mlio wa mikebe, lakini ilipanda, na mimi ndiye niliyeipandisha. Bwana yangu kando yangu alikuwa anacheka kwa sauti. Akina mama nyuma walipiga vigelegele.

Juu ya kilima nilisimama kumsubiri mzee. Nilimwona kwenye kioo. Alikuwa anapanda kwa miguu, kando ya alama za magurudumu, fimbo ikizama, akisimama, akiivuta. Koti lilikuwa limemlowa likawa zito. Alisimama mara tatu. Hakutuangalia hata mara moja, kwa sababu kutuangalia kungekuwa kuniharakisha nitoke kwenye usukani.

Bwana yangu alikuwa bado ameketi palepale, hajanyoosha mkono kwenye usukani. "Endelea wewe mpaka lami," alisema. Alikuwa anamaanisha. "Mimi na Mzee tutapanda nyuma."

Nilimtazama tena yule mzee kwenye kioo, maji yakimtiririka puani; kule nyuma hakukuwa na paa, na mbele hangekaa nami. Nikavuta breki ya mkono. Nikafungua mlango, nikashuka, nikazunguka nyuma, nikapanda katikati ya mikebe na kushika vyuma vyangu.

Hakuna aliyeniambia nishuke.